Wanaotangaza bidhaa za watu kwa kamisheni: tujadili namna ya kuchagua bidhaa inayolipa na isiyokuaibisha

Mtembezi wa Arusha:

Wakuu, habari za jioni.

Haipiti muda bila kijana kuuliza hapa jukwaani ni bidhaa gani ya afilieti (ya kutangaza kwa linki yako na kulipwa ikiuzwa) inalipa kamisheni kubwa. Majibu yanayomiminika ni asilimia tupu: hii inatoa 75, ile 50, ile nyingine dola 100 kwa kila mteja. Kijana anachukua linki, anaimwaga kwenye magrupu yote, halafu baada ya muda anarudi analia kwamba mambo ya mtandaoni ni utapeli. Simlaumu, maana alijibiwa nusu ya swali.

Mimi kazi hii ndiyo inayonilisha, na kabla ya kuweka linki yoyote huwa nauliza mambo mawili. Mteja akilipa, mzigo utamfikia ukiwa vile nilivyomweleza? Na kamisheni yangu itanifikia mkononi, nikiwa hapa hapa Tanzania? Bidhaa nyingi zinazosifiwa huangukia kwenye moja ya hayo.

Chukua Amazon, maana ndiko wengi huanzia. Mpango wao wa mawakala upo tangu 1996 na kulipa wanalipa, hilo halina ubishi. Lakini angalia viwango: vitabu vya karatasi 4.5%, michezo ya video 1%. Kitabu cha dola 20 kinakuachia senti 90. Mteja akibofya linki yako una saa 24 tu. Kama ndani ya hizo saa hajanunua wala hajaweka kitu kikapuni, akirudi keshokutwa kivyake huna chako. Usipopata mauzo 3 ndani ya siku 180 wanakufungia akaunti. Na Aprili 2020 walishusha viwango vya makundi mengi kwa mpigo: samani na vifaa vya ukarabati wa nyumba vikatoka 8% mpaka 3%. Kuna watu walikuwa na tovuti nzima za samani, wana waandishi wanaowalipa, na kipato kikakatika zaidi ya nusu bila wao kukosea chochote.

Tena ujiulize msomaji wako ni nani. Kama ni mtu wa Tabata au Nyamagana, linki ya Amazon haimsaidii. Usafirishaji ghali, ushuru unamsubiri, na pengine kadi yake haijaruhusiwa malipo ya mtandaoni. Amazon ni ya mtu mwenye wasomaji Marekani au Uingereza.

Halafu kuna ClickBank, soko la bidhaa za kidijitali ambalo kamisheni ya 75% ni jambo la kawaida. Wageni huvutwa na namba inayoitwa Gravity, wakidhani ikiwa kubwa basi bidhaa ni nzuri. Namba ile inatazama mawakala tofauti waliouza ndani ya wiki 12 zilizopita, na waliouza karibuni wanapewa uzito zaidi. Haikuambii wanunuzi wangapi wameridhika wala wangapi wamedai pesa zao. Na wanunuzi wa pale wana haki ya kurudishiwa, kwa bidhaa nyingi ndani ya siku 60. Mteja akirudishiwa, kamisheni yako inanyofolewa hata kama ulishaipigia mahesabu. Pia hawakulipi mpaka mauzo yako yatoke kwenye kadi za watu tofauti, ili mtu asijinunulie mwenyewe. Kwa hiyo 75% ya bidhaa inayorudishwa ovyo inaweza kuwa ndogo kuliko 20% ya bidhaa ambayo watu wanaitumia na kutulia.

Hostingi, yaani kukodisha nafasi ya kuweka tovuti, nayo inalipa vizuri, Hostinger kwa mfano wanaanzia 40%. Shida ni kwamba bei ndogo inayong'aa kwenye tangazo ni ya mkataba mrefu ukilipa yote mbele, na siku ya kuhuisha bei inapanda. Mimi naandika bei zote mbili juu kabisa ya makala. Wapo wanaosoma na kuondoka. Wanaobaki hawaji kudai pesa zao, na wanarudi kuniuliza wanunue nini kingine.

Sasa niingie kwenye eneo ninaloishi nalo, mlima. Nina tovuti ya Kiingereza ya wageni wanaotaka kupanda Kilimanjaro. Buti za dola 100 kwa kamisheni ya 4% zinanipa dola 4. Safari ya mlima ya dola 2,200, kwa kampuni ya hapa tuliyokubaliana 8%, inanipa dola 176. Kila mtu atakimbilia safari, na ni sawa. Lakini hapa ndipo panapotakiwa macho.

Kampuni zitakuja na bei ya dola 1,000 kwa njia ya Machame siku 6, na zitakuahidi kamisheni nono kuliko wenzao. Kabla hujafurahi, piga hesabu ya hifadhi. Kwa viwango vilivyozoeleka, ada ya uhifadhi ni dola 70 kwa siku, mara 6 ni 420. Kulala kambini dola 50 kwa usiku, mara 5 ni 250. Uokoaji dola 20. Jumla 690, ongeza VAT ya 18% unakuta takribani dola 814 zimeshakwenda kabla mtu hajapika hata chai. Inabaki chini ya dola 190 kulipa mwongoza watalii, msaidizi wake, mpishi, wapagazi, chakula, mahema, usafiri wa kwenda getini, na kamisheni yako juu yake. Anayelipia hiyo punguzo ni mpagazi, anayepandisha mzigo wa kilo 20 akiwa na viatu vibovu na akishuka anaambulia bahasha ya kumtia aibu. Mgeni naye anapandishwa haraka bila vipimo vya oksijeni. Akiugua mlimani, jina lililomleta ni la kwako.

Kwa hiyo naangalia kwanza leseni ya TALA, ile ya kampuni za utalii, kisha naangalia kama kampuni imo kwenye orodha ya washirika wa KPAP, ule mradi wa kutetea wapagazi ambao hufuatilia malipo, milo na uzito wa mizigo yao. Halafu nakwenda ofisini kwao kwa miguu. Nawauliza mgeni akighairi wiki mbili kabla anarudishiwa nini, na mimi nalipwa lini: akiweka malipo ya awali au akishashuka? Ninayemwamini ni yule anayenilipa baada ya mgeni kushuka salama. Nangoja zaidi, lakini naye ana sababu ya kumtunza mgeni.

Nimeandika sana. Karibuni tuchambue, kila mtu na eneo lake.

Binti wa Makorora:

Kaka shikamoo, na asante kwa kuandika kwa kina. Mimi nina ukurasa wa urembo, wafuasi wengi ni wanawake wa Tanga na Dar. Wauzaji wanaonifuata kila siku ni wa krimu za kung'arisha na chai za kupunguza tumbo. Kamisheni yao ni 40% mpaka 50%, na wananiambia bidhaa ni za asili kabisa. Nifanyeje?

Mtembezi wa Arusha:

Marahaba dada. Anza na usajili. Vipodozi tangu 2019 viko chini ya TBS (Shirika la Viwango), dawa na vifaa tiba viko TMDA, na dawa za asili zinasajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Mwambie muuzaji akupe namba ya usajili, kisha uihakiki wewe mwenyewe kwenye mamlaka husika. Picha ya cheti aliyokutumia WhatsApp usiihesabu. Krimu zenye zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku nchini, na kemikali hizo hufichwa kwenye krimu zisizo na maandishi ya viambato.

Ukiona mtu anaweza kutoa nusu ya bei kwa wakala, uliza kilichomo kwenye kopo kinagharimu shilingi ngapi. Na wateja wako ni watu wanaokujua, wengine mnakutana sokoni Mgandini. Mmoja akiungua uso, hatamtafuta mwenye kiwanda, atakutafuta wewe, na atakuwa na haki.

Mwenye Duka Kkoo:

Nachangia nikiwa upande wa pili, mimi ni muuzaji wa simu Kariakoo na natumia vijana wa mtandaoni kuleta wateja.

Wengi wanakuja kuomba "kamisheni kubwa" bila kuuliza maswali ya maana. Simu ya laki nne faida yangu mimi mwenyewe inaweza isifike elfu thelathini. Anayekuahidi elfu hamsini kwa simu hiyo anakuuzia simu ya kufufuliwa kwenye boksi jipya, hakuna njia nyingine hesabu ikakubali. Kijana makini anakuja dukani, anaomba boksi moja lifunguliwe, anabonyeza *#06#, anatuma ile IMEI (namba ya utambulisho wa simu) kwenda 15090 na kusoma jibu. Modeli iliyoandikwa kwenye ujumbe ilingane na simu aliyoshika. Akifanya hivyo mbele yangu namheshimu, na hata bei namwachia nzuri.

La pili, garantii. Uliza mwezi wa tatu simu ikizima, mteja anampigia nani? Mimi vijana wangu nimewaambia waandike kabisa kwenye tangazo: mteja aje na risiti ya EFD (ya mashine ya kodi) dukani, ndani ya miezi 12. Bila risiti hakuna mazungumzo. Duka linalokwepa kutoa risiti usilitangaze.

La tatu ni ugomvi wetu wa kila siku: mteja kaletwa na wewe, kapata namba ya duka, mara ya pili ananunua moja kwa moja. Unadai, mwenye duka anaruka. Tengeneza msimbo wako, mfano herufi tatu za jina lako, na mteja akiutaja apunguziwe elfu tano. Hapo mteja mwenyewe anakuwa na sababu ya kukutaja. Na muandikishane mapema, hata kama ni kwa WhatsApp: kiasi gani, kinalipwa siku gani, na manunuzi ya pili yanahesabika au hayahesabiki.

Mtembezi wa Arusha:

Mkuu, hilo la msimbo unaompunguzia mteja bei ndilo jibu kwa wote wanaodhulumiwa na maduka. Wadau someni mara mbili.

Pwani 254:

Assalaam aleikum ndugu zangu. Niko Mombasa. Kwetu Jumia na Kilimall ndiyo njia rahisi kwa anayeanza, kwa sababu msomaji analipa kwa M-Pesa na mzigo anauchukua kituo cha karibu. Ila mtu asiende nao kichwakichwa. Jumia ni soko, na wauzaji ndani yake ni wengi. Mimi siweki linki mpaka nimeangalia muuzaji ni nani, na nimesoma maoni mabaya kabla ya yale mazuri. Maoni ya nyota tatu ndiyo yenye ukweli mwingi, huyo mtu amekaa na kitu akakitumia.

Kwa vifaa vya umeme vyenye alama ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, tuma SM# pamoja na namba ya kibali kwenda 20023, utajibiwa kibali ni cha nani na kama bado ni hai. Niliwahi kukuta namba iliyobandikwa kwenye birika la umeme ni ya kampuni ya kutengeneza sabuni. Linki hiyo sikuiweka.

Na Wakenya wenzangu msisahau kodi. Sheria ya Fedha ya 2023 imeitaja afilieti ndani ya mapato ya maudhui ya kidijitali, anayekulipa anakata zuio la 5% kama wewe ni mkazi. Ukikokotoa faida, toa hiyo kwanza.

Mtembezi wa Arusha:

Wa aleikum salaam ndugu. Huku kwetu Sheria ya Fedha ya 2024 nayo ilileta zuio la 5% kwa watengeneza maudhui, kwa hiyo tuko chombo kimoja.

Umenikumbusha jambo kuhusu Jumia. Walifunga shughuli za Tanzania Novemba 2019, na kuna watu huku walikuwa na makala kibao zenye linki zao, zote zikawa ukuta. Kampuni inaweza kuwa halali kabisa na bado ikaondoka nchini. Makala yangu yoyote naiandika ili ibaki na faida kwa msomaji hata linki ikifa, na kila bidhaa natafuta wauzaji wawili.

Kijana Mtafutaji:

Wakuu mnajichosha. Kuna platfomu mpya, unajiunga kwa elfu thelathini tu, kila unayemwingiza unapata elfu kumi na tano, na akiingiza naye wewe unapata elfu tano. Haina haja ya bidhaa wala kutembea Kariakoo. Rafiki yangu kashatoa laki mbili. Anayetaka aje inbox.

Mtembezi wa Arusha:

Mdogo wangu, nakujibu kwa nia njema kabisa, naomba usome mpaka mwisho kabla hujamwingiza mtu mwingine.

Toa watu wapya kwenye hiyo hesabu, kisha uniambie pesa inatoka wapi. Hakuna anayenunua kitu. Elfu thelathini ya anayeingia leo ndiyo inayomlipa rafiki yako, na siku waingiaji wakipungua mlango unafungwa. Tumeyaona haya kwa upatu wa DECI uliofungwa 2009, na tumeyaona tena kwa LBL mwanzoni mwa 2025. Watu waliochangia kwa mikopo ya vikoba mpaka leo hawasemezani na ndugu zao. Kanuni ya Adhabu inaliita kosa la jinai, na inawagusa wanaoendesha na wanaohamasisha wengine kuingia. Kwa hiyo wewe unayesema "njoo inbox" umo.

Kamisheni ya halali inatoka kwenye mauzo ya kitu kwa mtu ambaye angekitaka hata kama wewe usingepata senti. Kama una elfu thelathini, itunze. Kuna kazi humu ya kufanya bila kulipa kiingilio.

Naomba pia modareta aiangalie hiyo posti.

Afisa Mikopo Mstaafu:

Naongezea mikopo ya mtandaoni kwenye orodha ya hatari. Aplikesheni hizi zinalipa kwa kila mtu anayepakua na kusajili, haraka na bila masharti, ndiyo maana vijana wengi wanazitangaza. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya aplikesheni 69 zisizo na leseni. Hizi ndizo zinazosoma namba za simu kwenye simu ya mkopaji, akichelewa wanawatumia ujumbe mkwe wake, bosi wake na mwalimu wa mtoto wake.

Nimekaa kwenye mikopo maisha yangu yote ya kazi. Mtu anayekopa elfu hamsini kwa simu saa nne usiku ana shida, na anamwamini aliyempa linki. Tafadhali angalieni leseni ya Benki Kuu (BoT), na hata ikiwepo, andikeni riba kwa shilingi: anachukua ngapi, anarudisha ngapi, lini. Maneno "riba nafuu" yasiwepo kabisa.

Mwongoza Wageni Mji Mkongwe:

Nami niseme la Zanzibar kwa wanaotangaza utalii. Viator na GetYourGuide, masoko ya mtandaoni ya ziara, wanatoa 8% kwa wengi wetu, na kuki zao (alama inayokumbuka kwamba mgeni kaja kwa linki yako) zinakaa karibu mwezi, si kama zile saa 24. Mgeni anatafuta ziara ya viungo leo, analipa wiki ijayo, na bado unahesabiwa.

Lakini nawaona wenzetu wengi wanaowauzia wageni bima za safari za kimataifa kwa kichwa cha habari "bima yako ya Zanzibar". Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 mgeni analazimika kuwa na bima ya dola 44 kutoka Shirika la Bima la Zanzibar, na ile aliyonunua kwako haimwondolei hiyo. Anafika uwanjani amechoka na watoto, anaambiwa alipe tena. Bima ya kimataifa inaweza kumfaa kwa mambo mengine, basi mwelezeni wazi kwamba zote mbili ni tofauti, na linki ya ile ya lazima muiweke hata kama haiwapi kamisheni.

Mtembezi wa Arusha:

Hapo kwenye linki isiyo na kamisheni umegusa penyewe. Kwenye makala zangu za mlima zipo kampuni mbili ambazo hazinilipi chochote na nimeziweka kwa sababu ni nzuri. Na juu ya kila ukurasa nimeandika wazi linki zipi zinanilipa. Amazon wanalilazimisha hilo kwenye masharti yao, na sheria za Marekani zinataka hivyo, lakini hata isingelazimishwa ningeandika. Msomaji hakasiriki kujua unalipwa, anakasirika akigundua mwenyewe.

Binti wa Makorora:

Kaka, na malipo ya nje yanaingiaje? Nimejiunga na mpango mmoja wanasema PayPal tu.

Mtembezi wa Arusha:

Dada, hili liangalie kabla hujaandika hata sentensi moja. PayPal ya Tanzania kwa miaka mingi imekuwa ya kulipia, si ya kupokelea. Kama mpango unalipa kwa PayPal pekee, kamisheni zako zitakaa huko zikikutazama. Mimi natumia Payoneer, huduma ya kupokea malipo ya nje, kisha benki. Angalia pia kiwango cha chini cha kutolewa: mpango wenye kima cha dola 100 wakati wewe unaingiza dola 8 kwa mwezi, utalipwa mwakani. Wafuasi wako wakiwa Watanzania, tafuta bidhaa zinazolipiwa kwa simu. Kozi na vitabu vya kidijitali kwenye soko la mtandaoni la Selar, kwa mfano, vinauzwa kwa shilingi na vina mfumo wa mawakala. Ila kozi yenyewe uisome yote kwanza. Mwenye kozi akikataa kukuonyesha ndani, achana naye.

Mwanafunzi SAUT:

Shikamooni wakubwa. Mimi sina blogu, nina WhatsApp yenye watu kama mia tatu, wengi wanafunzi wenzangu na akina mama wa mtaani. Duka moja hapa Mwanza limekubali kunipa 5,000 kwa kila blenda ya 65,000. Nianze?

Mtembezi wa Arusha:

Marahaba. Hiyo ni karibu 7.7%, kwa bidhaa ya kushikika na duka unaloweza kwenda kwa miguu ni kiwango kizuri, kinakubalika kihesabu kwa pande zote mbili. Mia tatu wanakutosha kama wanakufahamu.

Kabla ya stetasi ya kwanza nenda dukani ukawashiwe hiyo blenda, isage barafu au karanga mbele yako, usikubali maji matupu. Shika mota baada ya dakika mbili uone inachemka kiasi gani. Uliza jagi likivunjika spea inapatikana na ni bei gani, maana jagi ndilo linaloanza kufa. Piga video hiyo hiyo kwa simu yako, ndiyo iwe tangazo lako, usitumie picha za kiwandani. Waambie watu kwamba unapata kitu kidogo kwa kila inayouzwa.

Na kabla ya yote muulize mwenye duka swali hili, ajibu kwa maandishi: blenda ikirudishwa ndani ya wiki, ile 5,000 yako anaikata, na nauli ya mama kutoka Nyegezi kuirudisha anailipa nani? Ukipata jibu lilete hapa tulisome pamoja.